Beji ya mbayuwayu

Makadara, Mombasa

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Waalaikum salaam. Mie mzima, joto tu ndilo linatumaliza. Kaskazi imechoka na kusi haijaingia. Mbayuwayu wangali wamejipanga kwenye nyaya za umeme mbele ya dirisha langu. Si siku nyingi watakwenda zao Ulaya kuzaa.

Umeniuliza: mbona wataalamu wa Chernobyl, kule Ukraine kilikolipuka kinu cha nyuklia mwaka 1986, wajisumbue kumfunga mbayuwayu kipimo cha mionzi mguuni, na kijiji kizima wameshakipitia na ile mashine ya kupimia mionzi inayolia tiki-tiki? Jibu nililipatia kazini, tena kwa aibu. Wajua sisi watu wa eksirei huvaa beji ya mionzi kifuani, kisha hupelekwa kusomwa. Kuna siku niliisahau msumarini, ndani ya chumba cha mashine, nikaenda likizo. Majibu yaliporudi nikaitwa ofisini: eti nimepigwa mionzi mingi! Kumbe beji imepima chumba. Mwenyewe nilikuwa Malindi, namumunya mabuyu.

Basi mashine ya tiki-tiki nayo hupima banda alimojenga ndege. Mbayuwayu hashindi bandani. Yuko mtoni akikamata wadudu, na tope la kiota kalichota kwengine. Tena vumbi la mionzi la mlipuko ule halikuanguka sawasawa: hapa limejaa, ukisogea kidogo huoni kitu. Ndiyo maana anafungwa chembe ya fuwele, kama ile ya kwenye beji yangu. Fuwele huhifadhi nishati ya mionzi. Ukiipasha moto hutoa mwanga, na wingi wa mwanga ndio kipimo. Ndege ana gramu kama 20 tu, kwa hivyo mzigo usipite nusu gramu hivi. Kisha umngoje umnase tena kwa wavu. Bora umnase kabla hajahama, maana fuwele haichagui: akija nayo huku itahesabu na mionzi ya kawaida ya njia nzima.

Ila beji haijui cha tumboni. Seziamu-137, sumu ya mionzi ya vumbi lile, aliyoila na wadudu hupimwa kwa kumweka ndege, yu hai, ndani ya kisanduku chenye kuta za madini ya risasi, dakika chache, kisha akaachiwa. Hiyo hupungua nusu kila miaka 30, kwa hivyo ya 1986 bado imo. Mwenzake, strontiamu-90, ndiyo kaidi kupimwa. Hujificha mifupani mithili ya kalsiamu, na mionzi yake ya beta haifiki mbali.

Wanasayansi Anders Møller na Timothy Mousseau waliandika juu ya mbayuwayu wa huko wenye mabaka meupe manyoyani, wakiyahusisha na mionzi. Wenzao wanabishana nao, na sehemu ya ubishi ni hiyo hiyo: kila ndege alipata kiasi gani hasa? Mie naona bila beji watabishana hadi wachoke.

Marehemu bibi alitukataza kuwapiga manati, akisema ndio ndege wa Ababili. Juzi mmoja aliingia ukumbini, akajigonga kwenye pangaboi (limezimwa, alhamdulillahi), nikamwokota. Kitu cha kwanza nilimtazama mguu. Mtupu. Nikamrusha dirishani.

Nisalimie watoto, na ile kanga yangu usiifue kwa jiki.

Wako,
Zuhura