Wanawake waliojenga mtaa wetu nao wapewe kibao cha njia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana hili jambo la majina ya njia zetu kuwasahau wanawake limenikaa rohoni tangu 2022 na kila nikilisema kwenye kikao cha mtaa naambiwa "tumelipokea mama", alafu basi, linaishia hapohapo.

Mtakumbuka mwaka ule wa operesheni ya anwani za makazi, kabla ya sensa ya Agosti, serikali za mitaa zilikimbizwa mchakamchaka kila njia iwe na jina na kila nyumba ipigwe namba. Kwetu huku Temeke tukaitwa mkutano, tukakaa pale nje ya ofisi chini ya mwarobaini, na njia nyingi zilikuwa hazina jina zaidi ya "kwa fundi baiskeli" au "uchochoro wa msikitini". Mtendaji anauliza hii iitweje, mmoja anataja jina, wawili watatu wanapiga makofi, inaandikwa, haya twende nyingine. Saa moja na nusu tumemaliza mtaa mzima. Mi nilikuwa nahesabu kwa vidole: wanaume tisa, miti miwili, mkoa mmoja, mwanamke hata wa dawa hakuna. Na wanawake ndo tulikuwa wengi pale jamani, tumejaa kwenye mikeka na watoto mgongoni. Mimi mwenyewe sikunyoosha mkono na linaniuma mpaka leo.

Njia moja inapita mbele ya nyumba ya bibi mmoja, sitamtaja jina kwa sababu sijamuomba ruhusa, ana miaka themanini na kitu na amekaa hapo tangu eneo lote ni minazi. Njia ile ikapewa jina la mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwema sina ugomvi naye, ila kahamia juzijuzi tu. Bibi alikuwepo mkutanoni, kakaa nyuma kabisa, na hakuna aliyegeuka kumuuliza.

Sasa huyo bibi ndiye aliyetunza daftari la chama chetu cha kufa na kuzikana kuanzia miaka ya themanini. Ni kaunta buku kubwa, jalada limebanduka likashonwa na uzi mweusi, analifunga kwenye kipande cha khanga analiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ukilifungua unakuta majina ya kina mama, mbele ya kila jina nani katoa nini: sanda, mchele kilo mbili, kuni mzigo mmoja, kuchota maji siku tatu. Kuna kurasa zina doa la mafuta ya kibatari. Kuna ukurasa wa 1997 una misiba minne imefuatana ndani ya wiki mbili na bibi ukimuuliza anakwambia kile ni kipindupindu, anakuonyesha nyumba kwa nyumba kilipoanzia na visima gani walivifunika wenyewe kabla hajafika mtu yeyote. Na mbele zaidi kuna orodha ya ndoo za mchanga na kokoto, wanawake arobaini na kitu, ndo walijenga madarasa mawili ya shule wanayosoma wanetu saivi. Niliuliza ofisi ya mtaa kama wana rekodi yoyote ya nani alijenga yale madarasa, nikaambiwa ni "nguvu za wananchi". Kumbe hizo nguvu zina majina, yapo kwenye sanduku la bati!

Mtu atasema haya ni mambo madogo, historia ni ya kina Bibi Titi. Sawa, tumzungumzie Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipowauliza viongozi wa TANU wanawake wenu wako wapi ndo ikaonekana hakuna kitengo chao, akatafutwa mwanamke wa kukiongoza akapatikana yeye, muimbaji wa ngoma ya Bomba, elimu yake ya darasa la nne. Miezi mitatu tu baadaye Oscar Kambona akawa anaandika barua Uingereza kwamba wanawake 5,000 wameshajiunga. Aliwapataje? Alienda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, vikundi vilevile vya kusaidiana kwenye harusi na misiba, vya kuchangiana na kupikiana. Yani vyama kama hiki cha bibi yetu na daftari lake ndo njia TANU ilipitia kuingia majumbani mwa watu. Ndo maana nasema siyo mambo madogo.

Na hata Bibi Titi ilimchukua muda kukumbukwa, alifungwa kwa kesi ya uhaini, akatoka 1972, miaka mingi jina lake lilikuwa halitajwi hadharani. Leo ana barabara kubwa inapita Mnazi Mmoja na nashukuru kwa hilo. Ila panda daladala uhesabu vibao: Nyerere, Kawawa, Sokoine, Mandela, Nkrumah, Samora, Azikiwe, Lumumba, Shekilango. Wote nawaheshimu. Lakini huo mtaa wa Lumumba ndo ile New Street ya zamani ambapo TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na wanawake waliokuwa na Bibi Titi, kina Tatu binti Mzee na Halima Hamisi, waliupiga kwa miguu kila siku wakihamasisha watu. Nimemuuliza binti yangu wa kidato cha tatu kama anawajua, hajawahi kuwasikia kabisa.

Halmashauri zetu hazijatutupa, nakubali. Asilimia nne ya mapato ya ndani ni mikopo ya vikundi vya wanawake, na Machi 8 tunapewa vitenge na fulana tunaandamana mpaka uwanjani, tunasikiliza hotuba tunarudi. Fulana inachakaa mhariri, mwaka ukiisha ni ya kudekia. Mimi naomba kitu cha kubaki. Majina ya njia yalipitishwa na mkutano wa wakazi, na mkutano huohuo ukiitishwa unaweza kupendekeza mengine, yaende kata, yafike kwa madiwani. Hata njia mbili tatu kwa kila mtaa. Na madiwani wa viti maalum nawaomba nyie ndo mlibebe hili, msisubiri kampeni. Alafu afisa utamaduni wa manispaa apite na kinasa sauti kwa hawa wazee wakunga, makungwi, watunza madaftari, wakiwa bado wanaongea, maana kwetu tu mwaka jana tumezika watatu na kila mmoja kaondoka na yake, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mkunga wa karibu nusu ya watu wazima wa mtaa huu, nikiwemo mimi.

Bibi macho yake yameanza ukungu, hawezi kusoma mwandiko wake mwenyewe. Kwa hiyo Jumapili mchana naenda kwake na simu, napiga picha ukurasa mmoja mmoja, mimi nasoma jina na yeye ananiambia huyu alikuwa nani, alitokea wapi, watoto wake wako wapi. Tumefika 1994. Nikimaliza nitachapisha nakala mbili, moja ya shule, nyingine nitaipeleka mwenyewe ofisi ya kata na nitaomba wanigongee muhuri kwamba wameipokea.

Mama wa watoto watatu,
Temeke, Dar es Salaam