Yule bwana wa Singida asikimbilie mtutu, aanze na saiti

Ndugu Mhariri,

Mbukwa. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi huku Chamwino, gazeti huwa nalipata limechelewa siku moja maana kijana analileta na bodaboda kutoka mjini, ila nikilishika nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Sasa toleo la juzi kuna bwana wa Singida aliuliza, ana bunduki ya zamani ya jeshi, .303 ya Mwingereza, ameirithi kwa marehemu baba yake na kibali kimeshahamia kwake, anataka kupigia shabaha ya karatasi lakini inatawanya risasi kama mama anayemwagia kuku mtama, afanyeje. Na nyie mkamjibu mistari mitatu tu, mtutu umechoka, atafute mtutu mwingine. Kwa kweli jibu hilo limenikera, sio kwamba ni uongo, mtutu unaweza ukawa umechoka kweli, ila mtu hajapimwa hata malaria mshamwambia akatwe mguu.

Yangu ni hiyohiyo, ile fupi inaitwa SMLE, muundo wa Mark III walioanza nao Waingereza 1907, magazini ya risasi kumi, mtutu sentimita 64. Babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku kwetu, na aliibeba ya aina hii mpaka Burma 1944 (sio hii niliyonayo mimi, ile ya jeshi waliirudisha), na alikuwa anasema bunduki haina kosa, kosa ni la jicho. Nikiwa kijana nilikuwa namcheka. Sasa nina miaka 63 simcheki tena.

Maana shida iko hivi. Kwenye SMLE saiti (kifaa cha kulengea) ya nyuma imekaa juu ya mtutu huko mbele, ni kibati kina pengo, na unatakiwa uone vitu vitatu kwa mpigo, pengo, kijiti cha mbele na karatasi. Jicho la kijana linaruka kati ya vyote vitatu haraka hata mwenyewe hajui, ila jicho la mzee linachagua kimoja na vingine vinakuwa uji. Alafu umbali kati ya saiti ya nyuma na ya mbele ni kama sentimita 49 tu, kwahiyo ukikosea kidogo pale kwenye pengo, kule kwenye karatasi kosa limeshazaa wajukuu. Waingereza wenyewe waliliona hilo, ndio maana No. 4, bunduki yao ya .303 iliyofuata, ya Vita Kuu ya Pili saiti ya nyuma wakairudisha karibu na jicho, ikawa tundu badala ya pengo, na umbali ukaongezeka mpaka kama sentimita 73.

Mtu asiyeamini habari ya tundu ajaribu hapohapo alipo, haina haja hata ya bunduki. Mimi nilichukua kadi ya mchango wa harusi, nikaitoboa katikati kwa sindano, nikavua miwani nikaangalia gazeti lenu kupitia kale katundu, herufi zilizokuwa ukungu zikasimama kabisa. Mwanga unapungua ndio lakini unaona. Saiti ya tundu inafanya kazi hiyohiyo, unaangalia kijiti cha mbele tu, tundu lenyewe wala huliangalii, jicho linajipeleka katikati lenyewe. (Mke wangu bado anauliza nani katoboa kadi.)

Kwahiyo ndugu yangu wa Singida kama ana hela ya kitu kimoja, aiweke kwenye saiti ya tundu. Za zamani zinazosifika ni za Parker-Hale ya Birmingham, PH5A ni ya SMLE na PH5C ni ya No. 4, watu walizifunga kwenye bunduki hizihizi za jeshi wakaenda nazo kwenye mashindano Bisley, kule Uingereza wanakoshindana tangu 1890. Ila asichanganye herufi, ya No. 4 haikai kwenye SMLE, bodi zake, yaani kile chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu, ni tofauti. Na fundi akimwambia tuichomelee na weldingi aondoke hapohapo, asingoje hata chai, chuma cha bodi kilishakomazwa kwa moto wa kipimo kiwandani, ukikitia moto wa weldingi kinalegea, na hicho ndicho kinachozuia mlipuko usije usoni kwako.

Kuichagua yenyewe hata ikiwa imetumika sio kazi. Shika ule mkono wenye tundu uutikise, ukicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza achana nayo. Ukishaifunga piga risasi moja, alafu zungusha skrubu ya saiti kliki nane (zile hatua zinazolia kli) kulia upige, nane juu upige, nane kushoto upige, nane chini upige, ile ya mwisho irudi karibu na ya kwanza, isiporudi ujue skrubu za ndani zimelika. Vile visahani vyenye tundu navyo vina saizi, jua letu la saa sita mchana tundu dogo linakaa vizuri, asubuhi sana au wingu likiwepo weka kubwa kidogo la sivyo utaona giza tupu.

Sasa saiti ya mbele, hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Mwaka 2016 yangu ilikuwa inapiga juu, kwenye mita 100 risasi zinakaa sentimita 15 juu ya nilipolenga. Nikaipeleka kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, mji siutaji wala yeye simtaji, mzee wa heshima zake. Akaishika, akaiangalia kama daktari, akachukua tupa akakipunguza kijiti cha mbele milimita moja hivi, akapuliza chenga, akaniambia mzee mwenzangu tumeishusha. Nikalipa. Siku tumeruhusiwa uwanja wa shabaha nikalala nikapiga tano, kwenda kuangalia karatasi ni safi kama shuka la gesti, hamna hata tundu. Nikadhani nimezeeka kuliko ninavyojijua. Kijana mmoja akanisogezea kipande kikubwa cha boksi nyuma, nikapiga tena, kumbe ziko sentimita 35 juu!

Ni hesabu ndogo tu lakini inawashinda watu wengi. Saiti ya nyuma unaisogeza upande unaotaka risasi iende, saiti ya mbele ni kinyume chake. Ukikifupisha kijiti cha mbele lazima uunyanyue mdomo wa mtutu ndio ukione, na risasi inapanda. Kwa SMLE milimita moja pale mbele ni sentimita 20 kwenye mita 100, chukua 1 gawa kwa 490 zidisha kwa mita 100 utapata mwenyewe. Na wala hakukuwa na haja ya tupa, vijiti hivyo vilitengenezwa vya urefu mbalimbali, vinapishana sehemu 15 za elfu ya inchi, yaani kama milimita 0.38, na kila hatua moja inasogeza risasi karibu sentimita 8 kwenye mita 100. Mimi nilihitaji hatua mbili tu ndefu zaidi ya kile cha mwanzo, basi. Nilikuja kukipata baada ya karibu mwaka mzima, kwa hela nisiyoisema nyumbani.

Umbo la kijiti, kwa shabaha ya karatasi yenye duara jeusi wengine wanapenda pete mbele, duara ndani ya duara, ni tamu kwa jicho. Mimi nimebaki na kijiti cha kawaida kwasababu ya vumbi letu na mwanga, pete ikiingia vumbi huoni kitu. Ila nakipaka masizi. Unawasha kibatari, unapitisha kijiti juu ya moshi mpaka kiwe cheusi tii, (bunduki haina risasi jamani, bolti imetoka), maana chuma kilichochubuka kinang'aa na jua la huku, upande unaong'aa unakudanganya unasukuma risasi upande mwingine. Asubuhi jua liko kulia, jioni liko kushoto, mtu anasema bunduki imehama kumbe ni mng'ao.

Na upepo, huyo wa Singida anaujua, mwezi wa nane mpaka wa kumi unabeba mpaka mabati. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwetu ni wa kawaida tu, kwenye mita 300 unaisogeza risasi ya .303 karibu shubiri nzima. Kwahiyo kabla hajasema inatawanya apige asubuhi mapema upepo ukiwa umelala.

Kingine ambacho hamkukigusa kabisa ni mbao. SMLE mtutu wake umevikwa mbao mpaka mdomoni, na huku kwetu miezi kibao hainyeshi tone, mbao inasinyaa, skrubu zinalegea, mtutu unaanza kuegemea upande mmoja ndani kwa ndani. Akaze skrubu ya mbele ya kwenye triga kwanza, atikise kifuniko cha mdomoni, aone kama kuna kinachocheza. Jirani yangu mmoja alitaka kuuza ya kwake kwa hasira, tukakaza skrubu moja hiyo akaacha kuuza.

Haya, sasa ndio mtutu, baada ya hayo yote sio kabla. Mitutu hii ndani ina mifereji mitano ya kuizungusha risasi, inayozunguka kushoto, mzunguko mmoja kila inchi kumi. Adui wa kwanza ni zile baruti za zamani za kodaiti, zilikuwa zinawaka moto mkali zinakula mlango wa mtutu karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Wa pili ni fataki za risasi za zamani (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) zilizoacha chumvi ndani, na chumvi hiyo mafuta hayaiondoi, inaondoka kwa maji. Babu alikuwa anamimina birika zima la maji ya moto kutoka chemba mpaka mdomoni, anakausha, ndio anapaka mafuta, bibi alikuwa analalamika chai. Wa tatu ni kamba ya kusafishia, askari wavivu waliivuta kwa pembeni miaka na miaka mpaka mdomo wa mtutu ukawa yai badala ya duara, na risasi ikitokea kwenye yai inatoka inayumba. Huyo wa tatu ndiye anayefanya watu waseme mtutu mzima umekufa, wakati fundi mwenye mashine anaweza kuusawazisha ule mdomo peke yake, kwa mashine lakini, sio kwa msumeno.

Akiona kweli umekwisha, mifereji imefutika, basi atafute wa .303 uleule. Akikutana na No. 4 yenye mifereji miwili tu asiicheke, wakati wa vita walipunguza kazi kiwandani na zinapiga vizuri tu. Mtutu mzito ni mzuri kwa karatasi kwasababu hauhami haraka ukipata moto, ila mbao lazima ichongwe upya. Na asishawishiwe na mtu wa kumwekea mtutu wa 7.62, risasi yenye presha kubwa kuliko .303. Ni kweli Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na L42A1 ya wadunguaji na L39A1 ya mashindano, zote 7.62 zenye mtutu mzito, lakini zote hizo ni bodi ya No. 4. Wahindi kule Ishapore walitoa yao inayofanana na SMLE, ila chuma walibadilisha. SMLE ya urithi haikuandaliwa kwa presha hiyo.

Tena mtutu ukibadilishwa lazima ile nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ipimwe upya na fundi mwenye geji, ikizidi ganda linachanika nyuma moto unarudi. Kwenye No. 4 kuna vichwa vya bolti vyenye namba 0 mpaka 3 kwa ajili ya kurekebisha, kwenye SMLE ni kujaribu kimoja kimoja. Na mtutu una namba, tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, asibadilishe chochote chenye namba kabla hajaonana na polisi wa wilaya yake, asije akakamatwa na bunduki ambayo mtutu unasema hivi na kibali kinasema vile.

Naomba barua hii muitoe toleo linalofuata msiiweke kiporo, na mkikosa nafasi kateni habari za babu yangu lakini ile ya saiti ya mbele muiache, huyo bwana asije akawa ameshashika tupa.

Wenu msomaji,
Mstaafu, Chamwino, Dodoma