Pikapu ya Zamani Ina Mwenyewe: Jinsi Tunavyomtafuta Kabla Hujalipa

Wateja wengi wanaotuletea pikapu ya zamani hapa Nakuru huwa wameshalipa. Gari limevutwa kutoka shamba fulani la Molo au Kitale, limeegeshwa nje ya karakana magurudumu yakiwa yamekaa, na swali la kwanza ni lile lile: "Fundi, injini itashika?" Itashika. Peugeot 404 iliyolala chini ya mti, ukimwaga petroli iliyooza, ukasafisha kabureta na kuipa betri nzuri, mara nyingi huamka. Karatasi ndizo hukataa kuamka.

Kwa hivyo makala haya ni ya mtu ambaye bado hajalipa, au aliyelipa nusu na bado ana sauti mbele ya muuzaji. Kazi yetu ya asili ni kufufua pikapu za zamani. Hii ya kufuatilia umiliki tuliiongeza baada ya kuchoka kupaka rangi magari mazuri ambayo hayawezi kuandikishwa kwa jina la aliyeyalipia.

Shida huanzia wapi

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu mwenye gari kuwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye usajili, hadi ithibitishwe vinginevyo. Inasema pia kwamba gari likishauzwa halifai kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajaandikishwa. Sasa tazama jinsi pikapu zilivyouzwa huku kwetu. Mkulima wa Njoro alinunua gari jipya, akabebea maziwa na mahindi, likazeeka, akamuuzia jirani. Jirani akapewa logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari, na fomu ya kuhamisha umiliki iliyotiwa saini, nafasi ya jina la mnunuzi ikiwa tupu. Naye akauza hivyo hivyo. Fomu moja ikapita mikononi mwa watu watatu, wanne, kila mmoja akikwepa ada na foleni ya ofisini. Leo anayekuuzia ni mjukuu wa mtu ambaye jina lake halijawahi kuandikwa popote.

Huyo mjukuu si tapeli. Gari amelikuta nyumbani tangu azaliwe. Lakini hawezi kukupa kitu ambacho babu yake hakupewa kisheria, na hiyo ndiyo sehemu ambayo madalali huiruka haraka haraka.

Tunaanza na chuma, si na hadithi

Kila pikapu ya zamani huja na hadithi, na inayopendwa kuliko zote ni kwamba gari "lilikimbia Safari". Ni kweli 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha ikarudia 1966, 1967 na 1968, na wazee wa hapa wanaokumbuka vumbi lile bado wanalizungumzia. Ila zilizoshinda zilikuwa saluni. Pikapu haikuwa mbioni, ilikuwa sokoni na kabichi. Hadithi tunaisikiliza kwa heshima, chai ikiwepo tunakunywa, halafu tunaingia chini ya gari.

Tunachotafuta ni nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye Land Rover za Series II hadi III, imegongwa kwenye mkono wa chesisi mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Miaka yote ya grisi na matope ya Mau Summit huwa imeifunika kama plasta. Fundi hukwangua kwanza kwa kipande cha mbao, maana patasi huacha alama ambazo baadaye zitafanya nambari ionekane imechezewa. Kisha mafuta taa na brashi ya waya laini, polepole. Tarakimu zikianza kujitokeza tunazipaka chaki nyeupe, tunaelekeza tochi kutoka ubavuni ili kivuli kiingie kwenye mikato, tunapiga picha. Mwisho tunabandika karatasi juu yake na kupitisha penseli, na karatasi hiyo inaingia kwenye faili la mteja.

Kibati kilichopigiliwa ribiti hatukiamini kikiwa peke yake. Kibati hung'olewa kwenye gari lililokufa na kupigiliwa kwenye jingine katika muda wa kunywa soda. Nambari ya kibati na ya chesisi zikitofautiana, kazi inasimama hapo hapo na tunakuambia usitoe hata shilingi.

Nambari na umbo la gari huweza kumkanusha muuzaji bila ugomvi. Nambari ya chesisi ya pikapu ya Datsun 1200 inatakiwa ianze na B120. Peugeot 504 ya saluni ilitoka mwaka 1968, lakini pikapu yake ilianza kutengenezwa 1979. Kwa hivyo ukiuziwa "pikapu ya 504 ya mwaka 1974", ama mwaka ni wa kubuni ama gari lilikuwa saluni au stesheni wagoni, likakatwa nyuma na mafundi wa jua kali. Magari hayo yapo, na mengine yamekatwa kwa ustadi ambao tunauonea wivu. Lakini logibuku bado inasema saluni au stesheni wagoni, na mkaguzi atauliza. Injini nayo ni hivyo hivyo: ni pikapu chache za umri huo zilizobaki na injini ya kiwandani, na injini iliyobadilishwa inatakiwa iwe imeandikishwa.

Mlango

Mlango ndio ukurasa tunaoupenda zaidi. Magari ya biashara Kenya huandikwa ubavuni jina na anwani ya mwenyewe, pamoja na uzito wa gari likiwa tupu, ule mstari unaoanza na T.W. Kila aliyenunua pikapu alipaka rangi juu ya jina la aliyemtangulia, na fundi wa rangi wa kijijini hakuwa na sababu ya kukwangua hadi kwenye bati. Majina yote yamo mle, moja juu ya jingine.

Tunatumia msasa laini na maji mengi, kwa mviringo, eneo la ukubwa wa kiganja. Kwenye 404 moja iliyotoka upande wa Muhoroni, rangi nyeupe ilipoisha ikaja buluu ya brashi, na chini ya buluu zikaanza kuonekana herufi nyekundu: nusu ya jina la duka na sanduku la posta la Kisumu, bila ule msimbo wa 40100 unaoandikwa siku hizi. Jina kamili tulilipata kwenye kitabu cha simu cha zamani. Kijana wetu akaenda Kisumu, akauliza maduka ya vipuri yaliyo karibu na Oginga Odinga Street, hadi akaelekezwa kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa duka hilo.

"Mzee wangu, unaikumbuka pikapu hii?"

"Hiyo? Breki zake zilikuwa zinavuta kushoto. Tajiri alimuuzia mkulima wa miwa, akaenda nayo."

Rekodi ya usajili ilitoa jina lile lile la mwenye duka. Yaani mkulima wa miwa na wote waliomfuata hawakuwahi kuandikishwa. Kwa jambo hilo moja tulijua ni familia gani ya kutafutwa, na mnunuzi akajua kwamba aliyekuwa anapatana naye bei hakuwa na mamlaka ya kuuza.

Namba ya usajili

Namba za zamani zilikuwa herufi tatu na tarakimu, basi. Herufi ya mwisho, kama tunavyoizoea kwenye KAA na zilizofuata, iliongezwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hivyo Land Rover ya Series IIA, ambazo zilitengenezwa kati ya 1961 na 1971, ikiwa na namba ya KAH yenye herufi mwishoni, inakuambia kwamba ilisajiliwa upya baadaye. Mara nyingi jibu ni la kawaida: lilikuwa gari la Serikali lenye namba ya GK, likauzwa kwa mnada, likapewa namba ya kiraia. Basi tunadai karatasi za mnada. Asipokuwa nazo na maelezo yakianza kubadilika kila ukipiga simu, hapo sisi hujitoa.

Karatasi

Baada ya chuma ndipo tunaomba rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali. Kila mtu anaweza kuziomba, huhitaji sisi. Kazi yetu ni kuzisoma sambamba na ile karatasi ya penseli: chesisi, injini, aina ya bodi, rangi, jina la mwisho. Tunaangalia kama kuna benki iliyoandikwa pamoja na mwenye gari, kwa kuwa mikopo ya zamani iliyolipwa haikuondolewa kwenye usajili kila mara. Kwa mikopo ya karibuni tunapekua pia sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyokuja na sheria ya mwaka 2017.

Mfumo usipotoa chochote, haimaanishi gari ni la wizi. Hapo logibuku ya karatasi, hata iliyoliwa na panya pembeni, ina thamani kuliko injini. Usiilaminishe, usiishone, usiandike juu yake. Ilete ilivyo kwenye bahasha.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni Gazeti Rasmi la Serikali. Limechapishwa tangu 1899, matoleo mengi ya zamani yanasomeka intanetini bila malipo, na ndani yake kuna matangazo ya mirathi na ya magari yaliyotelekezwa kwenye gereji, namba zikiwa zimeandikwa. Kutafuta jina la mmiliki mle kumewahi kutuonyesha kwamba alishafariki na kwamba korti ilishateua msimamizi wa mali yake, jambo ambalo hata baadhi ya watoto wake hawakulijua.

Kwa wapenzi wa Land Rover, jumba la makumbusho la magari la Gaydon, Uingereza, hutoa cheti cha historia ya kiwandani ukiwapa nambari ya chesisi na ada yao. Utapata tarehe ya kutengenezwa na nchi gari lilikopelekwa. Ni kizuri kutundika ukutani. Hakikusaidii kabisa kumjua aliyelinunua Nakuru, na kwa magari yaliyoletwa kwenye makreti na kuunganishiwa Thika usitarajie maelezo mengi.

Mwenye gari akiwa marehemu

Hapa ndipo faili nyingi hukwama. Siku hizi muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake na mnunuzi huukubali. Marehemu habonyezi simu. Mjane au mtoto hawezi kuuza kwa niaba yake mpaka apate hati ya usimamizi wa mirathi, ile ambayo watu huita sakseshoni, na Sheria ya Mirathi inalihesabu kuwa kosa mtu kuuza mali ya marehemu bila idhini hiyo. Inahitajika cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, tangazo la siku 30 kwenye Gazeti Rasmi, na kwa kawaida miezi sita kabla korti haijathibitisha hati. Familia nyingi zilishafanya sakseshoni kwa ajili ya shamba na kusahau kuitaja pikapu. Wakili anaweza kuomba orodha irekebishwe, na ni rahisi kuliko kuanza upya.

Sisi tunawatafuta warithi na kuzungumza nao. Tunakwenda kwa adabu, kupitia chifu au mzee wa mtaa, na hatuanzi na bei. Kuna mama mmoja upande wa Rongai aliyetukatiza mapema: "Mwanangu, kama mmekuja kunidai, mzee alikufa bila deni." Ilibidi tueleze taratibu kwamba sisi ndio tuliokuja kumwambia lile gari kisheria bado ni la mzee wake. Majina na simu za watu tunaowapata hatumpi mnunuzi kabla wenyewe hawajakubali.

Mmiliki akiwa kampuni, tunaomba CR12, hati ya msajili wa kampuni, ili kujua wakurugenzi ni akina nani. Kampuni iliyofutwa kwenye sajili ni habari nyingine, kwa kuwa mali iliyobaki huangukia Serikali na njia ya kuikomboa mara nyingi hupitia kortini. Kwa Datsun yenye kutu hadi kwenye sakafu tunakushauri uachane nayo. Kwa Land Rover nzima, ongea na wakili kwanza.

Malipo na mipaka

Unalipa kwa hatua mbili. Ya kwanza ni ukaguzi wa chuma pamoja na rekodi, na mwisho wake unapata maandishi yanayosema endelea, subiri au acha. Wengine huishia hapo na hatuwalaumu. Ya pili ni kuwatafuta watu, na nauli ya Busia si nauli ya Bahati. Ada za Serikali na za wakili unalipa mwenyewe, risiti zinabaki kwako.

Hatuhamishi kibati kutoka gari moja kwenda jingine, hatusagi nambari, hatujazi fomu ya mtu aliyekufa. Tunaombwa, tena na watu waliovaa tai.

Ukija, njoo na picha za gari pande zote nne kabla halijaoshwa, karatasi yoyote hata kipande cha stika ya bima kilichobaki kwenye kioo, na jina la mtu mzima zaidi anayelikumbuka gari hilo likitembea. Gari lenyewe liache lilipo, na mwambie muuzaji asilipake rangi. Jumamosi tunafunga saa saba mchana.