Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi: Maporomoko ya Amani yafikiwe kwa miguu

Kwa Kamishna wa Uhifadhi,
Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

YAH: NJIA ZA KWENDA MAPOROMOKONI KATIKA HIFADHI YA MAZINGIRA ASILIA AMANI

Ndugu Kamishna,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia kuhusu Amani, katika Usambara Mashariki, kwa sababu kadiri barabara ya kutoka Muheza inavyoboreshwa ndivyo watalii wa ndani watakavyozidi kupanda milima hii wakati wa likizo. Kabla hawajawa wengi, naomba uamuzi mmoja ufanyike: barabara za magari zisisogezwe hadi kwenye maporomoko ya maji, bali watu waendelee kutembea, na njia wanazopita zitengenezwe ili hata asiyeuzoea msitu afike na kurudi salama.

Wapo wanaoamini kwamba mgeni haji mahali ambapo gari halifiki. Mimi naamini kinyume chake, hasa kwa Amani, ambako safari yenyewe ndiyo inayomleta mtu. Ukitoka lango la Zigi, penye nyumba iliyobaki ya kituo cha reli ya Wajerumani, barabara hupanda kwa kona nyingi hadi kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902, kisha zikaja barabara ndogo za udongo mwekundu zinazopita katikati ya msitu na mashamba ya chai ya Kwamkoro na Bulwa. Anayeshuka kwa miguu kuelekea maporomoko ya Derema huyasikia maji kabla ya kuyaona, na njiani hupata muda wa kutazama vinyonga, vipepeo na mimea ambayo haioti kwingine duniani. Aliyeshushwa na gari kando ya maji atapiga picha na kuondoka.

Lakini sababu kubwa zaidi ni msitu wenyewe. Unafahamu vizuri kuliko mimi jinsi mti wa msizi, ulioletwa Usambara kutoka nje ya milima hii, unavyostawi popote mwanga unapoingia na kuchukua nafasi ya miti ya asili, huku ndege aina ya hondohondo wakila matunda yake na kusambaza mbegu. Kila kipande cha msitu kinachofyekwa ili gari lipite ni nafasi nyingine kwa mti huo. Isitoshe, Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo uliochimbwa kwenye miteremko mikali kama ile hauchukui muda kufika mtoni. Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambalo wakazi wa Jiji la Tanga hutegemea kwa maji ya kunywa.

Kutembea, hata hivyo, kusiwe kubahatisha. Likizo za Juni huja mara tu baada ya masika na zile za Desemba huangukia mwishoni mwa vuli, yaani wakati maporomoko yanapopendeza zaidi na mawe yake yanapoteleza zaidi. Kila njiapanda iwekwe kibao kinachotaja umbali pamoja na muda wa kwenda na kurudi, kwa maana kilomita mbili za mteremko wenye matope si sawa na kilomita mbili za mjini. Penye mwinuko mkali zichongwe ngazi na kufungwa kamba za kushikilia. Karibu na maji liwekwe onyo, kwa Kiswahili kinachoeleweka hata na mtoto, kwamba mvua ikinyesha juu mlimani mto unaweza kujaa ghafla ingawa pale chini jua linawaka, na kwamba maji yakianza kubadilika rangi watu watoke mara moja.

Naomba pia vijana wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wafunzwe kuongoza wageni na kutoa huduma ya kwanza, na malipo yao yabandikwe wazi langoni kwa shilingi. Hao ndio wanaojua ni jiwe gani halikanyagiki na ni kijito gani hakivukiki baada ya mvua, na kipato hicho kitawafanya wawe walinzi wa kwanza wa msitu. Barabara ndogo zilizopo zibaki za udongo, ila mifereji na makalvati yake yazibuliwe kabla ya kila msimu wa mvua.

Nitashukuru iwapo njia ya Derema itapewa kipaumbele, na ikiwezekana vibao vyake viwe tayari kabla ya likizo ijayo ya Juni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Tanga na mpenzi wa misitu ya Usambara.