Ringi ya nyuma haisemi uongo: barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara, Kaunti ya Kilifi

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Malindi, kazi niliyofunzwa na mjomba wangu nikiwa bado mwanafunzi. Kibanda changu ni kile cha mabati chini ya mwarobaini, ambacho pengine umekipita mara nyingi ukiwa garini. Nakuandikia kwa sababu ya baiskeli moja iliyotundikwa ukutani kwangu, inaingia wiki ya tatu sasa.

Ni Black Mamba ya mchuuzi wa samaki. Mwenyewe hushuka pwani alfajiri mashua zikirudi, akanunua changu na tafi, na kolekole akijaliwa, akawapanga kwenye tenga, akafunika kwa barafu na gunia, akashika barabara ya Mombasa kwenda kuwauza Msabaha. Siku samaki wakiwa wengi hufika hadi Gede. Siku ile hakufika popote. Baiskeli ililetwa na mwanawe juu ya tuktuk, ringi ya nyuma imekunjwa kama chapati. Baba yuko kitandani, mguu umetiwa vyuma. Aliyemgonga hakusimama. Kijana aliniuliza jambo moja tu: "Fundi, itanyooka?" Nikamjibu itanyooka.

Mheshimiwa, baada ya miaka mingi ya kazi hii, mtu akiniletea baiskeli yake naweza kumwambia ameumizwa vipi kabla hajafungua mdomo. Ringi ya nyuma ikiwa imekunjika na karia imepanda juu ya tandiko, huyo amegongwa kwa nyuma na dereva aliyemwona kwa kuchelewa au asiyemwona kabisa. Uma wa mbele ukirudi nyuma hata tairi ikagusa fremu, mlango wa gari ulifunguliwa ghafla mbele yake, au tuktuk ilikata kona bila ishara kumfuata abiria aliyenyoosha mkono ng'ambo. Hendeli ikichunika upande wa kulia peke yake, hicho ni kioo cha matatu iliyompita karibu mno. Na ikichunika kushoto, pedali ya kushoto ikapinda, na mchanga ukajaa kwenye mhimili wa gurudumu, basi huyo hakuguswa na gari. Huyo alitolewa barabarani.

Hawa wa mwisho ndio wengi wanaofika kwangu, na ndio wasioandikwa kokote. Gari halikumgusa. Dereva labda hata hakutazama nyuma. Mtu ameinuka, amejipangusa damu gotini, ameokota maembe yake mchangani, amekwenda zake akisukuma. Hana nambari ya OB, lile daftari la matukio la polisi, hana shahidi, hana wa kumshtaki. Siku utakapoagiza hesabu ya walioumia kwenye baiskeli katika kaunti yetu, hawa hawatakuwamo. Wamo kwenye daftari langu la madeni: pedali moja, spoki sita, tairi ya mbele, atalipa mwisho wa mwezi.

Niruhusu nikueleze namna mtu anavyotolewa, maana anayesafiri kwa gari hawezi kuliona hili hata akipita njia hiyo kila siku. Mwenye baiskeli hupita kushoto, na mwenye mzigo hujibana mwisho kabisa wa lami, shibiri moja kutoka ukingoni. Nyuma yake kuna gari. Mbele kunakuja lori, na nyuma ya lori kuna dereva ambaye hana subira, anachomoka kuovateki. Sasa barabara nzima imetandwa na magari mawili yanayomjia usoni, na yule anayeovateki anawasha na kuzima taa kali. Lugha hiyo sote tunaijua. Maana yake: nimekuona, toka.

Kutoka ni kuteremka kwenye lami hadi mchangani, na ukingo huo unaliwa na mvua za masika mwaka baada ya mwaka, hata pahali pengine kimo chake kinafika kiganja kizima. Gurudumu la mbele likianguka pale huku tenga lina kilo hamsini nyuma, usukani unakuponyoka. Ukijaliwa kubaki wima, mtihani wa pili ni kurudi. Mchanga unazamisha tairi, pedali haziendi, kwa hivyo unajaribu kuipanda lami ungali na mwendo kidogo. Tairi haipandi. Inausugua ukingo, inateleza sambamba nao, kisha baiskeli inakutupa kulia. Na kulia ndiko yaliko magari. Rafiki yangu mmoja, tuliyefunzwa naye ufundi chini ya mjomba, alikufa hivyo, upande wa huku wa mto Sabaki. Wengi walidhani aliingia barabarani ovyo. Mimi niliiona baiskeli yake, na ubavu wa tairi ya mbele ulikuwa umechanika mchano mrefu wa msuguano. Alikuwa anarudi alikotolewa.

Juu ya daraja la Sabaki hata mchanga wa kukimbilia haupo. Ukisikia lori la chumvi kutoka Gongoni likinguruma nyuma yako pale juu, unaomba tu dereva awe muungwana. Nao waungwana wapo, ni haki niwataje. Kuna madereva wa chumvi wanaokuja nyuma yako polepole, wanawasha indiketa kuwazuia walio nyuma yao, wanakusindikiza hadi upande wa pili. Majina yao siyajui. Nikisikia tu lori limeshusha gia nyuma yangu, huinua mkono kushukuru kabla halijanipita. Lakini mtu anayekwenda Mambrui kutafuta riziki hafai kuvuka mto kwa bahati ya kuangukia dereva mwema.

Siku moja makanga mmoja alikuja kutia upepo baiskeli ya mdogo wake, tukazungumza habari hizi. Akaniambia, "Mwenye nguvu mpishe, fundi. Hata wazee walisema." Sikuwa na jibu siku ile. Nimelifikiria tangu hapo. Methali hiyo ni wasia kwa mnyonge, namna ya kusalimika akikutana na aliyemzidi. Haikumpa mwenye nguvu ruhusa ya kumkanyaga. Na mchuuzi wangu analipa ushuru wa soko, analipa kodi katika kila kipande cha sabuni anachonunua. Barabara ni yake pia. Sina chuki na makanga yule, kwani najua kila jioni yeye na dereva wake lazima wapeleke hesabu kwa tajiri, na abiria aliyeachwa stejini ni pesa iliyopotea. Haraka yao ina mwenyewe, na mwenyewe huyo hayuko ndani ya gari.

Nilipokwenda kumwona mgonjwa, jamaa waliokaa mkekani walikuwa wakirudia kusema ajali haina kinga. Nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba. Lakini gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akitazama simu yake kwa sekunde 2, amekwenda mita 44 akiwa kipofu. Na pigo la mwendo wa 80 si mara mbili ya pigo la mwendo wa 40, ni mara nne. Sheria ya trafiki inasema mwendo wa mjini usizidi kilomita 50 kwa saa, na matatu na malori yasizidi 80 hata kwenye barabara kuu. Sheria za Michuki, zile kanuni za matatu zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, vidhibiti mwendo vilifungwa na nchi nzima ikaona kwamba matatu zinaweza kutulia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni sisi wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Kinga ipo, Mheshimiwa. Imeandikwa, ina nambari, na kuna wakati tuliitumia.

Najua utanijibu kwamba barabara ya Mombasa na ile ya Lamu si zako. Ni kweli. Katiba ya 2010 iliziacha barabara kuu mikononi mwa serikali ya kitaifa, nazo ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na kaunti ikapewa barabara za kaunti, taa za mitaani, na shughuli za trafiki na maegesho. Mpaka huo naufahamu. Ila mtoto anayetoka Kisumu Ndogo kwenda shule hauoni. Anapita mtaa wako, anaingia barabara yao, anarudi tena kwako, kwa baiskeli ile ile na kwa hofu ile ile. Kwa hivyo nakuomba uwe msemaji wetu kule tusikofika. Iandikie mamlaka hiyo barua rasmi, utaje vipande kimoja kimoja, kuanzia uwanja wa ndege hadi Msabaha, na kuanzia mjini hadi ng'ambo ya Sabaki, na barua hiyo ibandikwe tuisome. Ombi lake liwe dogo na la bei nafuu: ukingo wa lami ujazwe maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, na kushindiliwa hadi ulingane na lami, kazi ifanywe kabla ya masika, na irudiwe kila mwaka baada ya mvua. Mtu akilazimika kutoka, atoke na arudi akiwa hai. Hilo halingoji mradi mkubwa wala mfadhili kutoka nje.

Kwa barabara zilizo zako naomba zaidi. Kila barabara mpya itakayotiwa lami Malindi iwe na njia ya pembeni ya baiskeli tangu kwenye ramani. Ikisubiri hadi lami ikauke, ndipo tuambiwe fedha zimekwisha, haitajengwa tena. Matuta yaliyo karibu na shule yapakwe rangi, na ikififia yapakwe tena, kwa sababu tuta lisiloonekana usiku limeniletea ringi za mbele nyingi kuliko hata tuktuk. Taa za mitaani zilizokufa ziwashwe, hasa pale watu wanapotoka kazini jua likizama. Tena mwezi wa Ramadhani, saa ile ya kukimbilia kufuturu, kila mwenye gari ana haraka na kila mwenye baiskeli ana njaa. Na tafadhali waite viongozi wa sako, yaani vyama, za matatu, wa tuktuk na wa bodaboda, ukae nao meza moja na sisi wa baiskeli. Hatujawahi kukaa meza moja. Wengi wao walianza maisha juu ya baiskeli hizi hizi, wakibeba abiria kwenye karia kabla pikipiki hazijaja. Wakikumbushwa, watasikia.

Na sisi tuna makosa yetu, sitayaficha. Wapo wanaokwenda usiku bila taa wala riflekta, wakitegemea mbalamwezi. Wapo wanaopita kulia wakidhani ni salama kuyaona magari yakija. Wapo wanaofunga makuti upana wa kitanda. Kibandani kwangu baiskeli haitoki bila kukaguliwa breki, na riflekta ya nyuma naifunga bure, ni kipande tu cha plastiki. Breki za fito za Black Mamba nazo, ringi ya chuma ikilowa, hazishiki vizuri; hilo huwaeleza wateja wote mvua zikianza. Mwenyewe nimewahi kuhudhuria kikao cha wananchi cha bajeti. Tulitaja maji, tukataja zahanati, tukataja basari. Baiskeli haikutajwa na mtu yeyote, hata mimi sikuitaja. Niliona ni jambo dogo mbele ya hayo. Barua hii ni deni la siku ile.

Nina ombi la mwisho, nalo nalitoa kwa moyo safi. Njoo asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapanda. Nitakuandalia baiskeli nzuri, nitakushushia tandiko au kulipandisha kulingana na kimo chako, twende wote wawili hadi Msabaha na kurudi. Mimi nitakuwa nyuma yako, upande wa magari. Hutahitaji maelezo yangu tena ukishasikia kioo cha matatu kikipita karibu na kiwiko chako.

Ikiwezekana iwe Jumamosi hii. Ringi ya mchuuzi nimeshaibadilisha, nimeipata ya mtumba iliyo imara, na spoki zote nimezikaza jana. Mwanawe ana miaka kumi na sita. Ameniambia Jumamosi alfajiri anakuja kuichukua, maana baba hataweza kupanda baiskeli mwaka huu na nyumbani lazima wale. Tenga ameshalishona pale lilipopasuka. Njia yake ni ile ile.

Wako katika ujenzi wa mji wetu,

Fundi wa baiskeli, Malindi