Kijana alitii amri, kwa nini afukuzwe yeye?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa rohoni tangu msimu wa korosho uliopita. Mimi ni fundi wa kompyuta, naishi Chikongola, Mtwara, na kazi hii naifanya mwaka wa 14 sasa.

Novemba niliitwa alfajiri kwenye ofisi moja inayoshughulikia malipo ya wakulima. Nilikuta seva, ile kompyuta kubwa inayohudumia ofisi nzima, imevutwa nje ya raki (kabati la chuma la kuipachika) kwenye reli zake, mfuniko uko sakafuni, na kijana wao wa kompyuta amejiinamia pembeni. Kadi inayoiunganisha seva na mtandao ilikuwa inakatakata tangu jana yake. Bosi alimwamuru aibadilishe bila kuzima mashine, maana mnada umekwisha na watu wanadai pesa zao. Kijana alisita. Akaambiwa, "Mbona wiki iliyopita mlibadilisha diski mashine ikiwaka?"

Hapo ndipo lilipo kosa lote, Mhariri. Diski za seva zimetengenezwa ziingie na kutoka mashine ikiwa kazini, na pawasapulai, yaani vifaa vya kuipa umeme, zikiwa mbili ni hivyo hivyo. Kadi iliyochomekwa ndani kwenye sloti, yaani tundu la ubao mkuu wa mashine, ni jambo jingine. Seva nyingi tulizo nazo hazina sloti za kubadilishia kadi mashine ikiwaka. Umeme wa volti 12 na wa volti 3.3 unabaki kwenye sloti mpaka mashine izimwe. Ukiing'oa kadi ikapinda kidogo tu, miguu yake inagusana pasipotakiwa. Na hata isipogusana, mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha mashine, unaendelea kuiita kadi ambayo haipo tena.

Kijana alipoing'oa kadi, mashine ile ilizimika palepale. Ilipowashwa, sloti ilikuwa imekufa, na muda si mrefu ubao wenyewe ukafuata. Ubao mwingine ulitoka Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 500. Siku tatu wazee waliotoka vijijini walikaa kwenye benchi la nje, wengine na wajukuu.

Kijana alifukuzwa wiki hiyo hiyo.

Sisemi kwamba kubadilisha kadi seva ikiwaka haiwezekani. Kanuni zake kwa kadi za PCI, aina ya kadi zinazochomekwa ndani ya kompyuta, zipo tangu 1997, na mimi mwenyewe nimeifanya kazi hiyo, ila kwenye mashine iliyoumbwa hivyo. Sloti yake ina kitufe na taa mbili, ya kijani na ya rangi ya chungwa. Kwanza nilihamishia kazi yote kwenye kadi ya pili ya mtandao, nikahakikisha watu wanaendelea kuhudumiwa. Kisha nikabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Unapewa sekunde tano za kughairi kwa kubonyeza tena, maana mtu anaweza kukosea sloti. Baada ya hapo mfumo endeshi unaiachia kadi, umeme wa sloti ile peke yake unakatwa, na taa inazimika. Taa ya kijani ikiwa bado inawaka au inapepesa, mkono haugusi. Kadi mpya ikishakaa sawasawa na kufungwa, unabonyeza tena na kusubiri kijani kitulie. Ikiwaka ile ya chungwa ikaganda, kuna hitilafu: unaacha hapo hapo na kutafuta sababu.

Kuna mafundi wenzangu wanaosema pwani kuna unyevu, umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini, hautusumbui. Chumba cha seva si ufukwe wa Mikindani, jamani! Kiyoyozi kinakausha hewa mle usiku na mchana. Mtu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli kwenye volti 3,000 hivi, wakati vipande vya kadi vinaweza kuharibika chini ya volti 100. Vaeni mkanda wa mkononi uliounganishwa na chuma cha raki, na kadi mpya isitoke kwenye mfuko wake mpaka dakika ya kuchomekwa.

Na mfuniko usikae wazi muda mrefu. Feni za seva zinavuta hewa kutoka mbele kwenda nyuma. Mfuniko ukitoka, hewa inapotea njia na prosesa, zile chipu zinazofanya kazi za kompyuta, zinachemka. Kwa joto letu la Novemba hakuna nafasi ya kufungua kwanza halafu ndipo uanze kutafuta bisibisi. Sloti ikibaki tupu, rudisha kile kibati cha kuziba, kwa sababu hiyo hiyo.

Ninachowaomba wakuu wa ofisi za Mtwara na Lindi ni kimoja. Fundi akisema sloti hii hairuhusu, mpeni nusu saa ya kuzima, hata kama ni saa nane usiku, hata kama ni msimu. Mnaponunua seva, ulizeni kabla ya kulipa kama kadi zake zinabadilishika ikiwaka, kisha jibu liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni kwa raki. Mimi nimeshabandika kwenye raki zote ninazozitunza.

Na yule aliyetoa amri ile, kama anasoma gazeti hili, namwomba amwite kijana arudi kazini. Kijana alisita mara ya kwanza, na alikuwa sahihi.

Fundi wa kompyuta,
Chikongola, Mtwara