Mdomo wa juu

Pangani, Nairobi
Jumapili usiku

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi, na wasiwasi wako uuweke chini. Taya nililofanyiwa upasuaji limeunga, na jana nimeng'ata sambusa kwa meno ya mbele. Wewe unajua maana yake. Tangu darasa la tano nilikuwa naimega kwa mkono kwanza, ndipo naisukuma kwenye magego.

Ila uliniuliza mbona siku hizi napiga simu bila video, nikakwambia bando imeisha. Nilikudanganya. Ni mdomo, Zuhura.

Juzi tulikuwa na harusi Eastleigh. Nikatoa penseli yangu ya mdomo, ile ya zambarau, mkono ukapita palepale ulipozoea kupita miaka yote. Mstari ukaangukia kwenye ngozi. Mdomo wa juu haupo pale tena. Umejikunja kwa ndani, umebaki wembamba tu. Nikafuta, nikachora, nikafuta. Mwishowe nikaenda bila rangi, na picha zote nimesimama nyuma ya mtu mrefu.

Ule ulikuwa mdomo wa mama. Wakati wote watu walitazama taya, na mimi pia, hata sikujua nina kitu cha kupoteza.

Daktari amenieleza. Taya la juu hufikiwa kwa kukata ndani ya mdomo, juu ya ufizi. Misuli hubanduliwa kwenye mfupa, taya likasogezwa na kufungwa kwa vibati na skrubu za titaniamu, kisha nyama ikashonwa. Ikipona hujivuta, na mdomo huweza kufupika na kukonda. Uvimbe wa mwisho mwisho nao huchukua hata mwaka kuisha, na mimi ndio kwanza mwezi wa tano tangu upasuaji. Kidevu bado kina ganzi kwa sababu ya neva ya taya la chini, maana nalo lilipasuliwa. Uji hunitiririka nisijue, mpaka mtoto wa kaka aniambie, "Shangazi, uji!"

Kama niliambiwa mapema? Nilitia sahihi. Naamini yalikuwamo, baina ya kutokwa damu na maambukizi, lakini niliisoma karatasi ile kama mtu anavyosoma masharti ya mkopo wa simu.

Kinachonichosha si kioo, ni watu kuniambia "umependeza" kabla sijaketi. Nikinyamaza, wananiambia nishukuru. Nashukuru, wallahi, kila nikitafuna. Bibi peke yake ndiye aliyenishika kidevu akasema, "Mjukuu wangu, nitachelewa kukuzoea." Nililia sana siku hiyo, na usiku wake nikalala vizuri kuliko siku zote.

Sasa nafanya mazoezi niliyopewa: nauvuta mdomo chini ya meno, nalisugua kovu kwa kidole, natamka "o" na "i" mbele ya sufuria. Sindano za kujaza mdomo zipo, ila daktari hataki kunigusa kabla mwaka haujatimia. Anataka picha ya zamani aone ulivyokuwa. Nimetafuta albamu nzima: kila picha nimejiziba kwa mkono au ncha ya leso, kwa kulionea haya taya.

Ile uliyonipiga Mombasa kwenye kivuko cha Likoni, nikicheka bila kujua unanipiga, bado unayo? Nitumie.

Wako,
Mwanaisha